Mafuriko ya Vesdre, maafa ya Kalehe na kanuni za Brussels: nani anabeba hasara?

Julai 14 na 15 mwaka 2021 mto Vesdre, ulioko mashariki mwa Ubelgiji, ulifurika na maji yakaingia majumbani mwa watu katika miji ya Pepinster, Verviers na Trooz. Watu 39 walifariki dunia nchini humo, na zaidi ya 180 katika nchi jirani ya Ujerumani. Serikali ya jimbo la Wallonia ilizitambua manispaa 209 kati ya 262 za jimbo hilo kuwa zimekumbwa na maafa, na Julai 20, mkesha wa sikukuu ya taifa, Ubelgiji ilikuwa katika maombolezo.

Maji yalipotoka ilibakia hesabu. Aghalabu sehemu hiyo ya habari huachwa na vyombo vya habari, kwani haina picha za helikopta wala za magari yaliyopinduka. Kwa mtazamo wetu, hata hivyo, ndiyo inayoeleza vyema zaidi mvutano unaoendelea mjini Brussels kuhusu mabenki, mashirika ya bima na mabadiliko ya hali ya hewa.

Nchini Ubelgiji mtu anayekata bima ya moto kwa ajili ya nyumba yake huwa amejikinga pia na mafuriko. Sheria inalazimisha hivyo tangu katikati ya miaka ya 2000. Kwa hiyo wengi wa waliofurikiwa walikuwa na bima na walikuwa wamelipa ada zao. Lakini ndani ya sheria hiyo hiyo mlikuwamo kifungu ambacho wananchi wachache mno walikuwa wakikijua: maafa yakiwa makubwa kupita kiasi, kuna kikomo cha fedha ambazo mashirika ya bima yanalazimika kulipa, na kinachozidi ni mzigo wa serikali ya jimbo.

Gharama za Vesdre zilipindukia Euro bilioni mbili, na kikomo kilikuwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Wallonia ni jimbo lenye madeni mengi na halikuwa na fedha hizo mkononi. Ikabidi Agosti mwaka huo serikali ya jimbo, chini ya Elio Di Rupo, ikae na jumuiya ya mashirika ya bima, Assuralia, na kufikia mapatano: mashirika yatalipa takriban mara mbili ya yale yanayotakiwa na sheria, na fedha nyingine yatazitanguliza kwa njia ya mkopo kwa jimbo.

Tuliangalie jambo hilo kwa makini. Aliyelipa ada ya bima alidhani amekwisha ihamisha hatari kwa shirika la bima. Kumbe nusu ya hatari ilikuwa imerudi mlangoni pake kwa njia ya kodi. Hakuna aliyevunja sheria wala aliyeiba. Ni kanuni tu iliyoandikwa zamani, wakati maafa ya namna hiyo yakionekana kuwa ni ya kufikirika. Baadaye sheria ilirekebishwa na kikomo kikapandishwa, lakini hiyo ilikuwa ni baada ya watu kuzikwa.

Tunayataja hayo kwa sababu katika mji mkuu wa nchi hiyo hiyo ndiko zinakotungwa kanuni za fedha za nchi zote 27 za Umoja wa Ulaya, na suala ni lile lile: hasara ikija, nani alipe, na je, aliyeisababisha amewekewa akiba ya kuilipia?

Hoja kwamba hali ya hewa ni hatari kwa mfumo wa fedha si ngeni tena. Septemba mwaka 2015 Mark Carney, wakati huo gavana wa Benki Kuu ya Uingereza, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Kanada mwaka 2025, aliwaambia wakuu wa mashirika ya bima mjini London kwamba athari zitaonekana baada ya muda wa kazi wa wanasiasa na wakuu wa mabenki kwisha, na kwa hiyo hakuna mwenye haraka ya kuchukua hatua. Mwishoni mwa mwaka 2017 benki kuu na wasimamizi wanane walianzisha mjini Paris mtandao wa kushughulikia suala hilo. Mtandao huo ulikua hadi kuwa na wanachama zaidi ya mia moja. Januari 17 mwaka 2025, siku tatu kabla ya Donald Trump kuapishwa kwa mara ya pili, Benki Kuu ya Marekani ilijitoa.

Ubelgiji haihitaji kufundishwa maana ya hatari inayoutikisa mfumo mzima. Katika msimu wa mapukutiko wa mwaka 2008 benki yake kubwa kabisa, Fortis, ilianguka katika muda wa siku chache na hatimaye ikauzwa kwa BNP Paribas ya Ufaransa. Dexia nayo iliokolewa na serikali za Ubelgiji, Ufaransa na Luxembourg. Ilikuwa ni baada ya msukosuko huo ndipo Umoja wa Ulaya ulipomkabidhi Mfaransa Jacques de Larosière kazi ya kuchunguza nini kilikosewa. Ripoti yake ya Februari 2009 ilisema kwamba kila msimamizi alikuwa akiiangalia benki yake na hakuna aliyekuwa akiuangalia mfumo kwa jumla. Kutokana na ripoti hiyo likaundwa baraza la Ulaya la kuchunguza hatari za mfumo, lenye makao mjini Frankfurt.

Lakini funzo kubwa zaidi lilikuja mwaka 2011. Julai mwaka huo Dexia ilifanyiwa jaribio la kupima uimara wa mabenki ya Ulaya na ikafaulu. Miezi mitatu baadaye ilikuwa imeporomoka kwa mara ya pili, na Oktoba serikali ya Ubelgiji ikalazimika kutoa Euro bilioni nne kuinunua sehemu ya benki hiyo iliyokuwa nchini, ambayo leo inaitwa Belfius. Jaribio lilikuwa limeuliza maswali yasiyo yale yaliyoiua benki.

Tulikumbuke hilo tunapoambiwa kwamba mabenki yamepimwa pia dhidi ya hatari za hali ya hewa. Ni kweli yamepimwa. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Ulaya iliyafanyia jaribio mabenki 104. Matokeo yaliyotangazwa Julai yalionyesha kuwa takriban asilimia 60 ya mabenki hayo hayakuwa hata na utaratibu wao wenyewe wa kuipima hatari hiyo, na kwamba karibu thuluthi mbili ya mapato yanayotokana na makampuni yalitoka katika shughuli zinazotoa gesi nyingi zinazochafua mazingira. Kwa mabenki 41 yaliyofanya hesabu kamili, hasara ilikadiriwa kufikia Euro bilioni 70, na benki kuu yenyewe ikatahadharisha kwamba kiwango hicho ni cha chini kuliko hali halisi. Hakuna benki iliyotakiwa kuongeza mtaji kwa sababu ya matokeo hayo. Lilikuwa ni zoezi la kujifunza, walisema.

Na hapo ndipo penye kiini cha mzozo. Njia za kuikabili hatari hiyo ziko mbili. Ya kwanza ni kuyalazimisha makampuni na mabenki yaseme hadharani yana hatari gani, kwa matumaini kwamba wenye fedha wakishajua watazipeleka kwingine. Ya pili ni kuifanya hatari hiyo iwe ghali tangu mwanzo. Brussels ilichagua ile ya kwanza, kwa sababu haina maumivu makali.

Njia ya pili ina watetezi wake katika mji huo huo. Shirika la Finance Watch, lililoanzishwa mjini Brussels mwaka 2011 ili kuwepo na sauti isiyokuwa ya mabenki katika mijadala hii, lilitoa mwaka 2020 pendekezo ambalo mtu yeyote anaweza kulifahamu. Hivi sasa benki ikiikopesha kampuni ya kawaida Euro 100, kanuni inaitaka kwa uchache iwe na Euro nane hivi za mtaji wa wenye hisa. Nyingine ni za walioweka akiba na za wadai wengine. Finance Watch ilisema: ikiwa mkopo ni wa kwenda kuchimba mafuta, gesi au makaa ya mawe mapya, basi kwa kila Euro inayokopeshwa benki iweke Euro moja ya mtaji wake. Visima hivyo vikija kukosa thamani, watakaoumia wawe ni wenye hisa peke yao. Hoja yao ni kwamba fedha za mabenki zinachochea ujoto, ujoto unaleta maafa, na maafa yanarudi kuyadhuru mabenki.

Wenye mabenki walijibu kuwa mikopo hiyo itahamia kwa wengine na dunia haitapata nafuu. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, na tutairudia hapa chini. Hata hivyo kanuni mpya za mtaji wa mabenki zilipopitishwa mwaka 2024, pendekezo hilo halikuwamo. Mabenki yalitakiwa badala yake yatayarishe mipango ya kukabiliana na hatari za mazingira na kuiwasilisha kwa wasimamizi.

Mahakama nazo zilijaribiwa. Aprili mwaka 2021 shirika la wanasheria wa mazingira ClientEarth liliishtaki Benki ya Taifa ya Ubelgiji katika mahakama moja mjini Brussels, likidai kuwa inanunua hatifungani za makampuni, kwa niaba ya Benki Kuu ya Ulaya, bila ya kujali uchafuzi unaofanywa na makampuni hayo. Desemba mwaka huo kesi ilitupwa. Lakini Julai mwaka 2022 Benki Kuu ya Ulaya ilitangaza kwamba itayapendelea makampuni yenye rekodi bora zaidi, na ClientEarth ikaachana na rufaa yake. Ushindi huo ulidumu mwaka mmoja hivi. Katika kupambana na mfumuko wa bei benki kuu ilisita, Julai mwaka 2023, kununua upya hatifungani chini ya mpango wake mkuu, na chombo kikabaki bila ya kazi kubwa ya kufanya.

Turudi kwenye njia ya kwanza, ile ya kutoa taarifa. Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya ulipitisha orodha ya shughuli zinazohesabika kuwa za kijani. Mwaka 2022 ukapitisha mwongozo wa kuyataka makampuni makubwa yaeleze athari zake kwa mazingira na athari za mazingira kwake, na mwaka 2024 ukafuatia mwongozo wa kuyawajibisha kwa yale yanayofanyika katika mnyororo wao wa wauzaji, hata uwe Kivu au Mtwara.

Kisha upepo ukageuka. Februari 26 mwaka 2025 Halmashauri ya Umoja wa Ulaya, chini ya Ursula von der Leyen, ilipendekeza kuyapunguza masharti hayo kwa hoja kuwa makampuni ya Ulaya yanashindwa kushindana na ya Marekani na China. Halmashauri yenyewe ilikadiria kwamba takriban asilimia 80 ya makampuni yaliyokuwa yakihusika na mwongozo wa kutoa taarifa yataachiliwa. Desemba 2025 Bunge la Ulaya na nchi wanachama waliafikiana: watakaolazimika kutoa taarifa ni wenye wafanyakazi zaidi ya 1,000 na mauzo yanayozidi Euro milioni 450 kwa mwaka. Kwa ule mwongozo wa uwajibikaji, ni wafanyakazi 5,000 na mauzo ya Euro bilioni moja na nusu, na sharti la kuwa na mpango wa kuachana na uchafuzi likafutwa kabisa.

Tunakubali kuwa malalamiko ya makampuni hayakuwa ya uzushi matupu. Fomu zilikuwa nyingi, na waliofaidika kwanza walikuwa ni makampuni ya washauri. Lakini angalia mkanganyiko uliopo. Kwanza Umoja wa Ulaya ulikataa kuipandisha bei ya hatari kwa kusema kwamba taarifa zinatosha, na halafu ukazipunguza taarifa zenyewe. Benki Kuu ya Ulaya ilitahadharisha mwaka 2025 kwamba takwimu zikipungua, kazi ya kuzipima hatari itakuwa ngumu zaidi kwa mabenki na kwa wasimamizi wao. Novemba mwaka huo huo ilitoa kwa mara ya kwanza adhabu kwa benki iliyochelewa kuzitathmini hatari za hali ya hewa, Abanca ya Uhispania. Kiasi chenyewe ni Euro 187,650. Kuna nyumba nyingi tu katika vitongoji vya Brussels zisizoweza kununuliwa kwa fedha hizo.

Wakati huo huo pengo la bima halizibiki. Mamlaka ya Ulaya inayosimamia bima inasema ni robo tu hivi ya hasara za maafa ya hali ya hewa barani humo inayolipwa na bima. Ubelgiji ni miongoni mwa wenye bahati. Desemba 2024 mamlaka hiyo na Benki Kuu ya Ulaya zilipendekeza kuwepo na mfuko wa pamoja wa bima mtawanyo, yaani bima inayoyakinga mashirika ya bima yenyewe, na mfuko mwengine wa kuzisaidia serikali kujenga upya barabara na madaraja. Mapendekezo hayo yalitolewa kwa ajili ya majadiliano, si sheria.

Hayo yanatuhusu nini sisi wa Afrika Mashariki? Yanatuhusu kwa sababu kuu mbili, na moja wapo ni ile hoja ya mabenki kwamba mikopo itahamia kwengine.

Chukua bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani karibu na Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443. Septemba 15 mwaka 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kuukosoa mradi huo, na wakuu wa Kampala na Dodoma wakakasirika. Msururu wa mabenki makubwa ya Ulaya, kwa hofu ya sifa yao na shinikizo la wanaharakati zaidi kuliko kwa hofu ya sheria, yalisema hayatatoa mkopo. Mradi haukusimama. Machi mwaka 2025 ilitangazwa awamu ya kwanza ya mikopo, na waliotoa ni benki ya Afreximbank yenye makao mjini Cairo, Standard Bank ya Afrika Kusini na tawi lake la Stanbic Uganda, KCB Uganda, na shirika moja la kundi la Benki ya Maendeleo ya Kiislamu. Mwenye hisa asilimia 62 anabaki kuwa TotalEnergies ya Ufaransa.

Hatutaki kuingia hapa katika ubishi wa kama bomba lijengwe au lisijengwe. Waganda na Watanzania wana haki ya kuuliza kwa nini wao waache mafuta yao ardhini. Tunachokisema ni kwamba hatari haikutoweka. Mafuta yakija kushuka thamani kabla ya mikopo kulipwa, sehemu ya hasara ambayo ingekuwa ya mabenki ya Paris na Frankfurt itakuwa ya mabenki ambamo mwalimu wa Kampala ameweka akiba yake. Benki Kuu ya Kenya iliwapa mabenki mwongozo kuhusu hatari za hali ya hewa Oktoba 2021, na Benki Kuu ya Tanzania ikafuata mwaka 2022. Miongozo hiyo ni mizuri, na inafanana sana na ile ya Ulaya: inataka bodi zijadili na taarifa zitolewe. Swali la mtaji, lile lile lililokwepwa Brussels, nako halijaulizwa kwa sauti.

Sababu ya pili ni wale ambao hawamo katika hesabu ya mtu yeyote. Mei 4 mwaka 2023, siku ya soko, mito ilishuka kwa kishindo kutoka milimani katika wilaya ya Kalehe, Kivu ya Kusini, na kuvifagia vijiji vya Bushushu na Nyamukubi kando ya ziwa Kivu. Zaidi ya watu 400 walikufa, mara kumi ya waliokufa Ubelgiji. Siku mbili tu kabla yake, ng'ambo ya ziwa nchini Rwanda, mvua zilikuwa zimeua zaidi ya watu 130.

Kalehe hakukuwa na kikomo cha bima cha kubishaniwa, kwa kuwa hakukuwa na bima. Hakukuwa na Assuralia ya kukaa nayo mezani. Bima iliyokuwepo ni ile ya ndugu: jamaa walioko Bukavu, Goma, na wale wa Matonge, kitongoji cha Wakongomani katika wilaya ya Ixelles mjini Brussels, waliotuma chochote walichokuwa nacho. Hatari ya mfumo, kwa lugha ya wataalamu, ni ile inayoweza kuangusha benki nyingi kwa pamoja. Familia iliyopoteza shamba, duka na mkopeshaji wake katika mchana mmoja haimo katika maana hiyo, maana hailetwi katika mizania ya benki yoyote.

Njia nyingine zipo, na baadhi zimeanzia kwetu. Huko Marsabit, kaskazini mwa Kenya, ilianza mwaka 2010 bima ya mifugo inayoangalia hali ya malisho kwa picha za satelaiti na kulipa bila ya kusubiri kuhesabu mizoga, na mwaka 2015 serikali ya Kenya ikaanzisha mpango wake kwa mtindo huo. Ina kasoro zake, kwani mara nyingine satelaiti inaona majani ambayo ng'ombe hayaoni. Lakini hapo angalau mtu amekaa akaamua mapema nani atalipa na lini.

Novemba mwaka 2021, katika mkutano wa kimataifa wa Glasgow, Wallonia ilikuwa miongoni mwa serikali za mwanzo kabisa duniani kuahidi fedha kwa ajili ya hasara zinazozifika nchi maskini kutokana na mabadiliko ya hali ya hewa. Ilikuwa ni miezi minne baada ya Vesdre. Iliahidi Euro milioni moja. Mfuko wenyewe wa kimataifa uliafikiwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 na kuzinduliwa rasmi Dubai Novemba 30 mwaka 2023, takriban miezi saba baada ya watu wa Bushushu na Nyamukubi kuzikwa.